Nyumba Iliyompima Skola

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake anakaa kwenye benchi langu na kuuliza ilikuwaje. Nimesimulia mpaka koo limekauka, na hakosekani wa kuniambia, "Ungetulia tu Dafrosa, hayo ni mambo ya ndoa za watu." Basi naandika mara moja, msome wote. Anayeona ningetulia aje aniambie akishamaliza kusoma.

Skolastika mdogo wangu mnamjua, aliimba sauti ya pili pamoja nasi kabla ya kuolewa. Aliolewa ziwani, kijiji kimoja kusini ya Lituhi, na Festo Nombo. Ukoo wa Festo una utaratibu wao: mkwe mpya halali kwenye nyumba ya matofali mpaka azae mtoto wa kwanza. Analala kwenye nyumba ya zamani ya udongo, alimokuwa akiishi mama mkwe, sasa marehemu. Analala sakafuni, juu ya mkeka. Wanasema nyumba inampima.

Skola hakumaliza mwezi humo akaanza homa. Inamshika siku kadhaa, inamwachia, anapata nguvu hadi anarudi shambani, halafu inamwangusha tena. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Mimba ya kwanza ikatoka. Ilipoingia ya pili na homa ikarudi, baba mkwe, Mzee Nombo, akatamka mbele ya watu kwamba hii nayo ikitoka, nyumba itakuwa imemkataa, na atarudishwa kwetu. Skola alinipigia simu akanieleza haya kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

Wiki hiyohiyo alikuja kwangu mteja, Dokta Hyera, mtafiti mwanamke aliyepanga hapa mjini. Alitaka mifuko ya kitambaa kigumu yenye kamba mdomoni. Nikamuuliza ya nini. "Ya kuwekea panya pori," akasema. Nikacheka nikamwambia sisi Wamatengo panya pori tunawaweka kwenye sufuria. Naye akacheka, akakaa, tukaongea. Ndipo nikasikia kwamba kuna homa ya papasi, wale wadudu jamaa ya kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, wanaouma watu usiku na kurudi ufani. Homa yake huja na kuondoka. Huharibu mimba. Nikaacha mkasi mezani.

Nikamuuliza panya wanahusikaje. Akasema papasi hukaa hata kwenye mashimo ya panya, na huenda panya wa porini ndio wanaovitunza vidudu vya homa kabla papasi hawajavifikisha kwa watu. "Huenda," akarudia. "Sijui bado, ndiyo maana nawatafuta." Kuhusu Skola alinipa maagizo mawili: damu yake iangaliwe kwa darubini wakati homa ipo, maana ikishaondoka hutaona kitu, na mimi nisilale kwenye ile sakafu. Nikamwambia nitamletea na panya wa huko. Akakataa kabisa, akasema hiyo si kazi ya mtu asiyefundishwa, atakwenda mwenyewe gari lake likitengenezwa. Nikanyamaza kama mtu aliyekubali, kisha nikajishonea mfuko mmoja kama ile yake, nikaenda sokoni kununua kizimba cha waya chenye mtego.

Mbinga hadi Kitai

Kipande hiki ni kifupi, lakini ndimo nilimochekwa zaidi. Nilishuka Kitai asubuhi, begi begani na kizimba mkononi, nikaagiza chai na viazi vitamu kwa mama mmoja wa pembeni ya barabara. Mzee aliyekuwa anakunywa chai hapo akakitazama kizimba changu hadi nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unaelekea wapi na mtego?"

"Ziwani."

Akageuka kumwambia mwenye chai, "Umesikia? Watu wa ziwani wana samaki, mbasa na usipa, huyu anakwenda kuwategea panya!" Wakacheka wote. Nami nilikuwa sina hamu ya kueleza habari za papasi kwa watu wenye viazi mdomoni, nikawaacha wacheke. Hata hivyo mzee alikuwa na moyo mzuri, alipoondoka aliniambia nitie karanga za kukaanga, siyo unga, na nitege kwenye njia yao, siyo mdomoni mwa shimo. Nikanunua karanga palepale.

Kitai hadi ziwani

Gari letu halikufika mbali. Lori la makaa ya mawe lililokuwa likishuka bandarini lilikuwa limeteleza kwenye tope na kulala mshazari, limeziba barabara yote. Tukashuka. Abiria wakatafuta kivuli, wengine wakaanza kumtukana dereva, kijana mwembamba anayeitwa Saidi, mtu wa Lindi, aliyesimama akiangalia turubai lake lililochanika kuanzia ncha hadi ncha.

Sikuona faida ya kutukana. Natembea na sindano kubwa ya magunia na uzi wa nailoni popote niendapo, hilo mnalijua na mmenicheka nalo sana. Nikakaa juu ya jiwe, nikavuta turubai mapajani, nikashona. Saidi akachuchumaa kunishikia upande wa pili. Akanieleza kwamba makaa yakinyeshewa tajiri wake humkata yeye. Nikamweleza kuhusu Skola. Alisikiliza bila kuniambia nitulie, na kwa hilo peke yake nilimpenda.

Jua lilikuwa limeshageuka lori lilipovutwa. Saidi akaniandikia namba yake kwenye ganda la sigara, akasema kesho kutwa atakuwa anarudi mgodini Ngaka na lori tupu, nikikwama nimpigie.

Kwa Mzee Nombo

Mzee Nombo alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Aliniwekea kiti, akaagiza ugali wa muhogo na usipa wabichi waliochemshwa na nyanya, akaniuliza habari za kahawa na za wazazi. Skola alileta maji ya kunawa akiwa amekonda, macho yamezama, tumbo limeanza kuonekana. Siku hiyo hakuwa na homa. Festo mumewe alikaa upande wa baba yake na kuangalia sahani.

Tulipomaliza kula nikasema kilichonileta, nikaeleza papasi, nyufa, mashimo ya panya. Mzee Nombo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu Dafrosa," akasema, "mimi nimezaliwa ndani ya nyumba ile. Festo amezaliwa ndani ya nyumba ile. Panya wamo tangu enzi za baba yangu. Hao wadudu wako nawajua, wametuuma tukiwa wachanga. Mbona sisi hatuugui?"

Nawaambia ukweli, lilikuwa swali zuri na lilinichoma, maana Dokta Hyera sikumuuliza hilo.

"Wanaougua ni wanaotoka nje," akaendelea. "Nyumba inajua watu wake."

"Basi naomba nimchukue Skola akapimwe damu Mbinga."

"Mkwe mwenye mimba haondoki hapa. Ukimwondoa, usimrudishe. Itakuwa amejikataa mwenyewe."

Nikamtazama Skola aseme neno. Akainamisha kichwa. Nikamtazama Festo, naye akainama. Ndipo hasira zikanipanda nikasema ambacho hakuna aliyekitegemea: "Basi leo na mimi nalala humo, na nyumba yako inipime na mimi."

Najua nilikatazwa. Nililala humo siku zote mbili nilizokaa pale, kwenye mkeka mmoja na mdogo wangu, ubavu kwa ubavu. Asubuhi nilikuwa na madoa mekundu kiunoni na mapajani, yanawasha, wala sikuhisi chochote wakati naumwa. Skola alikuwa nayo kila mahali, mapya juu ya ya zamani. Kando ya mkeka, kwenye pembe, ukuta ulikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ingepita, na nje lilitokea njia iliyonyooka hadi shamba la muhogo. Hapo ndipo nilipotega, kwa karanga za kukaanga, na nikawapata: panya wa shamba, manyoya ya kahawia, wanene. Niliwahamishia kwenye mfuko wangu kwa kukinga mdomo wa kitambaa kwenye mlango wa kizimba, bila kuwagusa, kama Dokta alivyonieleza mifuko yake inavyotumika. Kisha nikaufungia mfuko ndani ya kizimba.

Siku ya tatu Skola aliamka mwili unachemka. Nikafunga khanga, nikamshika mkono, nikatoka naye mbele ya macho ya watu wote. Mzee Nombo alisimama kwenye mlango wa nyumba ya matofali.

"Unamwondoa?"

"Namwondoa, baba. Na nitamrudisha na jibu."

"Nimeshasema neno langu."

"Na mimi nimesema langu," nikamjibu. Kabla ya siku ile sikuwahi kumjibu mkubwa hivyo, na sijutii hata kidogo.

Juu ya lori tupu

Kondakta wa basi la kwanza alimpokea Skola kwa huruma, akamtafutia kiti cha mbele. Kisha akaona kizimba kinatikisika.

"Nini hiyo?"

"Panya."

"Mama, chagua. Panya wako au safari yako."

Nikamshusha Skola. Mtaniona mwendawazimu, lakini fikirieni: nilikuwa nimemwondoa mtu kwenye ndoa yake kwa ahadi ya kurudi na jibu, na nilidhani jibu limo ndani ya ule mfuko. Nikampigia Saidi. Tulimsubiri chini ya paa la duka lililofungwa, Skola amejilaza mapajani mwangu, meno yanagongana, nami namfunika khanga zote mbili. Mwenye duka la jirani, mama wa Kiislamu nisiyemfahamu, alituletea uji wa moto kwenye kikombe cha bati akakataa chochote. Alisema tu, "Mnyweshe taratibu."

Saidi alipofika alimbeba Skola hadi kwenye kabini. Kizimba hakukitaka humo. "Mama Dafrosa, mimi hawa siwali na siwabebi jirani na chakula changu," akasema, akakifunga nyuma kwenye bodi, chini ya turubai nililoshona mwenyewe. Njia nzima alikwepa mashimo kwa ajili ya mgonjwa. Kila tulipopanda mlima niliangalia uso wa Skola nikiomba homa isiondoke kabla hatujafika, na nikijiona mbaya kwa kuomba hivyo.

Ngaka

Tulifika Ngaka alasiri, na Skola hakuweza tena kukaa wima. Saidi anapanga chumba kwa Mama Kapinga, Mmatengo mwenzetu, mama mnene mwenye sauti kubwa. Alitukaribisha kabla hatujaeleza lolote. Niliweka kizimba kwenye mlango wa jiko lake, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli, nikamshika Skola na kwenda naye zahanati.

Walimpima malaria, hakuna. Nikaomba watazame damu yake kwa darubini. Wakasema muda wa kazi unaisha, turudi kesho. Nikasema kesho homa inaweza kuwa imeondoka. Wakasema tena kesho. Nikakaa kwenye kizingiti cha maabara, miguu nje, mgongo ndani, nikawaambia mlango hautafungika mpaka waangalie au wanibebe, na mimi si mwepesi. Binti wa maabara aliniangalia, akamwangalia Skola, akavaa glavu.

Alichukua muda mrefu. Kisha akaniita. "Njoo uone, mama, lakini usiguse meza." Nikainama kwenye kioo. Mnajua uzi ukiufumua kwenye mshono wa zamani, unavyobaki na mawimbi hata ukiuvuta? Vilikuwa hivyo, vyembamba, vimejikunja, vinachezacheza kati ya duara za damu. Binti akasema ndivyo vidudu vya homa ya papasi. Nesi akampa Skola dawa inayofaa mwenye mimba, akatuonya kwamba homa ingepanda kwanza kabla ya kushuka, tusiogope, akatulaza kwenye kitanda cha mapumziko. Ilipanda kweli. Kisha ikavunjika, jasho likalowesha shuka, na Skola akasema ana njaa.

Tukarudi kwa Mama Kapinga. Kabla sijafika uani nilisikia harufu, na harufu ile naijua tangu utoto. Mezani palikuwa na ugali, mboga za maboga, na sahani ya panya waliobanikwa vizuri, wamepangwa kwa mstari. Kizimba kilikuwa kimeoshwa. Mfuko wangu ulikuwa kwenye kamba ya nguo, unakauka.

"Karibuni, karibuni!" Mama Kapinga akasema. "Mmejisumbua jamani, mgonjwa huyu na bado mmebeba kitoweo! Walikuwa weusi kwa makaa, nikawaosha sana. Nimetazama mikia, nikasema hawa ni wa shamba, si wa nyumbani."

Angefanya nini kingine? Kwetu mgeni akiweka kitu mlango wa jiko, ni cha jiko. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa mashangazi zangu tangu nijue kutembea. Panya walionishusha kwenye basi, waliovuka milima chini ya turubai, walikuwa na chumvi na pilipili.

Saidi alikuwa pembeni na mayai yake ya kukaanga, anacheka mpaka machozi. Nikamwuliza Mama Kapinga aliwashikaje, akasema kwa kitambaa, maana wanauma. Nikamweleza yote, na kwamba akipata homa asikae nyumbani, aende zahanati. Akashika kichwa, akaomba radhi. Nikamwambia akae tule.

Ndiyo, nilikula. Waliiva sana na walikuwa watamu. Nisingemwaibisha mama wa watu mezani kwake kwa kosa ambalo halikuwa kosa.

Mbinga tena

Dokta Hyera alikuja kumwona Skola siku tuliyorudi. Nilipofika kwenye habari ya panya alinikaripia kwanza, na nilistahili, halafu akauliza, "Wote?" Nikasema wote. Akakaa chini akacheka kwa uchungu. Nikamuuliza swali la Mzee Nombo, mbona wao hawaugui. Akasema anayeumwa na papasi tangu uchanga, mwili wake huzoea hadi homa isimsumbue tena. Anayekuja akiwa mkubwa hana kinga hiyo. Mkwe, fundi, mgeni yeyote.

Nikampigia Mzee Nombo kumweleza matokeo ya damu. Akasema karatasi ya hospitali haiijui nyumba yake. Akakata.

Haikupita muda, nikiwa kwenye cherehani, baridi ikanipiga mgongoni. Wapo kati yenu walionikuta nimejifunika blanketi mchana na mkasema ni uchovu wa safari. Nilikwenda kupimwa homa ikiwa juu, na ule uzi wenye mawimbi safari hii ulikuwa wa kwangu. Dokta alinitazama kwa jicho la nilikwambia. Nami nilikuwa natabasamu huku meno yanagongana, nikachukua simu palepale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Dafrosa? Sauti vipi?"

"Ninaumwa, baba. Ugonjwa uleule, wametazama. Nyumba yako imenikataa. Sasa niambie, hapo kwako nimeolewa na nani?"

Nilidhani amekata. Nikasikia jogoo wa huko, kisha kiti kinavutwa.

"Yule fundi wa mabati," akasema taratibu. "Alilala humo, akaugua. Tulisema ni mwizi, nyumba imemfichua." Akaongeza, "Na mama yake Festo. Nilimtoa Mbamba Bay. Aliumwa mwaka mzima. Mimba mbili zilitoka kabla ya Festo, na mama yangu akawa anamwambia avumilie, anapimwa. Na mimi nilikuwa namwambia hivyohivyo."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali, mazuri. Sikulitumia hata moja. Mzee alikuwa analia, na mimi homa ilikuwa inaniliza pia.

Alipopata sauti akasema anaibomoa nyumba ile. Nikamwomba asubiri Dokta Hyera afike kwanza na mifuko, bado kuna swali la panya halijajibiwa. Akasema atakuwepo kuwaonyesha mashimo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, kama mkwe wake anaweza kurudi.

Nikafungua mdomo kumjibu. Skola, ambaye safari nzima hakuwahi kumjibu mtu, aliinuka kutoka kwenye benchi langu, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo baba," akasema. "Nitarudi. Lakini nitalala kitandani."